Siku Moja katika Misri ya Kale



Waswahili wana methali isemayo, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii hutumiwa sana na wenye maduka, lakini maana yake yapita biashara. Habari ya leo ni ya mwanafunzi mmoja aliyeifahamu maana yake si darasani, bali katika matembezi ya siku moja tu, mbali na kwao.

Mwanafunzi huyo ni kijana wa Lamu, naye anasoma Al-Azhar katika mji wa Kairo, nchini Misri. Al-Azhar ni mahali pa elimu tangu zamani sana; msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 970, na hata leo wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika huenda huko kusoma. Jumamosi moja, siku ambayo hakuna masomo, kijana huyo aliazimu kwenda kuitazama mitaa iitwayo Misri ya Kale, iliyo upande wa kusini wa mji. Alikuwa amesikia kwamba huko msikiti, kanisa na sinagogi viko karibu karibu, hata mtu aweza kuviona vyote kwa miguu kabla ya jua kutua.

Kabla hajatoka chumbani alipata habari kwa simu kutoka kwa kaka yake wa Lamu. Nyumba yao ilikuwa ikiezekwa upya, na mafundi walitaka vitu vyote vya darini viondolewe. Kati ya vitu hivyo lilikuwamo kasha la marehemu babu yao, aliyekuwa nahodha wa jahazi. Kasha lilijaa karatasi kuukuu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadhi yake zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Kaka aliuliza kama zichomwe pamoja na takataka. Kijana alikuwa na haraka ya kuwahi treni. Alijibu kwa maneno machache kwamba hazina kazi, na wafanye kama waonavyo. Kisha akaitia simu mfukoni, akashuka ngazi, akaenda zake.

HEMA LA AMRI

Treni ya mjini ilimshusha katika stesheni ya Mar Girgis, na kutoka hapo alitembea kidogo hata akafika msikiti wa Amri bin al-As. Huu ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika nchi ya Misri, kati ya mwaka 641 na 642, wakati jeshi la Waarabu lilipoichukua nchi kutoka mikononi mwa Warumi wa Mashariki.

Husimuliwa kwamba jemadari Amri, alipotaka kuvunja kambi yake aende kupigana Aleksandria, aliambiwa kuwa njiwa ametaga mayai juu ya hema lake. Akaamuru hema liachwe kama lilivyo, njiwa asisumbuliwe. Aliporudi, mji mpya ukajengwa pale, nao ukaitwa Fustat, jina ambalo Waarabu husema maana yake ni hema. Msikiti wenyewe hapo mwanzo ulikuwa mdogo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti. Kijana wa Lamu, aliyezaliwa kati ya mapaa ya makuti, alifurahi kusikia hivyo.

Lakini alipotazama huku na huku hakuona mtende wala kuti. Aliona safu za nguzo za mawe, uwanja mpana ulio wazi, na mazulia. Msikiti umebomolewa, ukapanuliwa na kujengwa tena mara nyingi sana, na hakuna kilichosalia katika ule wa kwanza. Hata mji wa Fustat wenyewe ulitiwa moto mwaka 1168 kwa amri ya waziri Shawar, ili usiangukie mikononi mwa Wafranki waliokuja kwa vita vya msalaba. Kijana alisali rakaa mbili, kisha akakaa akifikiri. Ikiwa magogo yameoza na mji umeungua, habari za njiwa na makuti zimefikaje hata leo? Zimefika kwa sababu wako watu waliozisimulia, na wengine wakaziandika, na wengine tena wakayatunza hayo maandishi.

KANISA LINALONING'INIA

Alirudi kwa njia ile ile mpaka mbele ya stesheni, ambapo pana mabaki ya minara minene ya ngome ya Warumi iitwayo Babeli. Ngome hiyo si ile Babeli ya Iraki. Ni jina tu linalofanana. Juu ya lango moja la ngome hiyo Wakristo wa Misri, waitwao Wakopti, walijenga kanisa la Bikira Mariamu. Kwa kuwa limekaa juu ya lango wala halikugusa ardhi, Waarabu huliita al-Muallaqa, yaani lililotundikwa. Mtu hupanda ngazi ya vidaraja 29 kabla ya kuingia.

Ndani yake dari ni ya mbao, nayo imepinda mfano wa chombo kilichopinduliwa. Wenyeji hupenda kuifananisha na safina ya Nuhu. Mbele ya madhabahu pana kiambaza cha mbao za mpingo kilichotiwa nakshi kwa pembe za ndovu, kazi ya mafundi wa zamani walioshona vipande vidogo vidogo mpaka vikawa misalaba na nyota. Kijana alikaa mbele ya kiambaza hicho muda mrefu, kwa maana kwao Lamu milango huchongwa, na yeye ajua kuwa kazi kama ile haitendeki kwa siku moja wala kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, kilichomshangaza zaidi ni maandishi. Karibu na maneno ya Kiarabu aliona maneno mengine, ambayo aliyadhania kuwa ya Kiyunani. Mzee mmoja aliyekuwa akiwaongoza wageni alimweleza kwamba herufi nyingi ni za Kiyunani kweli, lakini lugha si Kiyunani. Ni Kikopti, yaani lugha ya Wamisri wenyewe, mzao wa lugha ile iliyosemwa na Mafirauni. Wamisri walipoacha ile njia yao ya kale ya kuandika kwa picha, walizichukua herufi za Wayunani, wakaongeza chache za kwao kwa sauti ambazo Wayunani hawakuwa nazo. Baadaye Kiarabu kilienea nchi nzima, na Kikopti kikatoweka majumbani na sokoni. Lakini katika ibada za kanisa hakikutoweka. Makasisi waliendelea kukisoma na kukiimba, karne baada ya karne. Mtaalamu wa Kifaransa, Champollion, ambaye mwaka 1822 alieleza namna ya kuyasoma maandishi ya Mafirauni, alikuwa amejifunza kwanza Kikopti, na ujuzi huo ulimsaidia sana.

Mzee yule hakuficha kwamba mambo hayakuwa mema siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 11, Khalifa al-Hakim aliamuru makanisa na masinagogi mengi yavunjwe. Baadaye ruhusa ikatolewa, na mengi yakajengwa tena. Watu wa dini tatu wamekaa pamoja katika mitaa hii, wakiuziana, wakitibiana na kushuhudiana mikataba. Na ziko nyakati walipoteswa kwa ajili ya dini zao.

CHUMBA KISICHOKUWA NA MLANGO

Kutoka hapo kijana alishuka kijia chembamba, akapita kanisa la Mtakatifu Sergio, ambalo Wakopti huamini kwamba chini yake Mariamu, Yusufu na mtoto Yesu walipumzika walipomkimbia Herode. Hatua chache mbele alifika sinagogi la Ben Ezra. Nyumba iliyopo sasa ilijengwa upya mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya matengenezo makubwa ilifunguliwa tena kwa wageni mwaka 2023. Ibada za kila juma hazifanywi tena humo. Baada ya vita vya mwaka 1948 na 1956 Wayahudi wa Misri, waliokuwa maelfu mengi, walihama karibu wote, na waliobaki ni wachache sana.

Kijana aliona nguzo nzuri, mimbari ya marumaru, na dari iliyopakwa rangi. Lakini aliyejua habari za mahali pale alimwambia kwamba jambo kuu la nyumba hii lilikuwa ni chumba cha giza kisicho na dirisha wala mlango. Chumba hicho kilikuwa mwisho wa roshani walimokaa wanawake, na njia yake ilikuwa ni tundu tu, juu ukutani, ambalo mtu hulifikia kwa ngazi. Wayahudi hukiita chumba cha namna hiyo geniza.

Sababu yake ni hii. Kwa desturi ya Wayahudi, andiko lenye jina la Mungu halitupwi wala halichomwi hata likiwa limechakaa. Huwekwa kando, kisha huzikwa kwa heshima. Kijana alielewa mara moja, kwa maana katika chuo alichosomea utotoni, ukurasa wa msahafu uliochanika haukuachwa ukakanyagwa. Lakini Wayahudi wa Fustat walizidisha. Walitia chumbani karibu kila kitu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, wala si maneno ya dini peke yake. Walitia mikataba ya ndoa na hati za talaka, hesabu za maduka, barua za wafanya biashara, dawa zilizoandikwa na waganga, na vitabu vya watoto wa shule walivyovichorachora kwa rangi. Tena lugha ya nyingi kati ya karatasi hizo haikuwa Kiebrania, bali Kiarabu cha kila siku kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania.

Aliposikia hayo, kijana alinyamaza kidogo. Wamisri wa kale waliandika lugha yao kwa herufi za Wayunani. Wayahudi wa Fustat waliandika Kiarabu kwa herufi za Waebrania. Na babu yake, nahodha wa Lamu, aliandika Kiswahili kwa herufi za Waarabu. Lile kasha la darini likamjia mbele ya macho.

Karatasi zilikaa ndani ya chumba kile karne nyingi, na hewa kavu ya Misri ikazihifadhi. Mwaka 1896 wanawake wawili mapacha wa Scotland, Agnes Lewis na Margaret Gibson, waliokuwa wasomi wa lugha za mashariki, walinunua kurasa chache safarini, wakamwonyesha mwalimu wa Cambridge aitwaye Solomon Schechter. Katika ukurasa mmoja Schechter alitambua maneno ya Kiebrania ya kitabu cha Yoshua bin Sira, kitabu ambacho kwa karne nyingi wasomi walikijua kwa tafsiri tu. Akasafiri kwenda Kairo majira ya baridi ya mwaka huo, akapata ruhusa ya wakuu wa Wayahudi wa mji, akaingia katika vumbi la chumba kile siku baada ya siku. Alirudi Cambridge na vipande vipatavyo 193,000. Vingine vilikwisha kwenda, au vilikwenda baadaye, katika maktaba za miji mingine ya dunia.

Kati ya karatasi hizo imo barua moja ambayo mtu wa pwani hawezi kuisikia bila kuguswa moyo. Iliandikwa na mfanya biashara Daudi kwa kaka yake, Musa bin Maimun, mwanachuoni mkubwa wa Wayahudi aliyekaa Fustat. Daudi alikuwa amevuka jangwa na kufika Aidhabu, bandari ya Bahari ya Sham. Hakuona bidhaa ya kumfaa pale, basi akaazimu kupanda chombo aende Bara Hindi. Alimsihi kaka yake asiwe na wasiwasi. Karibu na mwaka 1170 Daudi alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake na mali ya watu. Aliacha mjane na binti mdogo. Musa, ambaye mpaka wakati huo alisoma kwa utulivu kwa kuwa nduguye ndiye aliyetafuta riziki, aliugua kitandani muda wa mwaka mmoja kwa huzuni. Kisha ikambidi afanye kazi ya uganga ili awalishe watu wa nyumba, naye akawa tabibu wa wakuu wa serikali ya Sultani Salahuddin. Hayo yote yajulikana, na ile barua ya safarini yaweza kusomwa hata leo, kwa sababu mtu mmoja hakuichoma.

KIPIMO CHA MTO

Jua lilikuwa limeanza kushuka, lakini kijana alitaka kuuona mto. Alivuka daraja akafika ncha ya kusini ya kisiwa cha Roda, mahali palipo na kipimo cha maji ya Nili kilichojengwa mwaka 861. Ni shimo refu lililojengwa kwa mawe, na katikati yake imesimama nguzo ya marumaru yenye pande nane, iliyochorwa alama za dhiraa. Maji yaliingia kwa njia tatu zilizochimbwa kutoka mtoni. Yalipofika dhiraa 16 watu walishangilia, kwa maana mavuno yatakuwa mema. Yakipungua sana ni njaa, yakizidi mno ni gharika. Kodi ya mwaka ilikadiriwa kwa kimo hicho, na Mwislamu, Mkristo na Myahudi wote walingoja habari ile ile moja.

Waandishi wa tarikhi waliandika kimo cha mto kwa kila mwaka, na hesabu walizoziacha zaanza mwaka 622. Katika karne ya 20 Mwingereza Harold Hurst, aliyefanya kazi ya maji nchini Misri kwa zaidi ya miaka 60, alizichukua hesabu hizo ili ajue bwawa la Nili lapasa kuwa kubwa kiasi gani. Aliona kwamba miaka ya shibe hupenda kufuatana, na miaka ya ukame hufuatana vile vile, kama katika kisa cha Nabii Yusufu na ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Tangu Bwawa Kuu la Aswani lilipokamilika mwaka 1970 gharika ya kila mwaka haifiki tena Kairo, wala kipimo hakina kazi. Lakini hesabu zake zingali zinasomwa na wataalamu wa maji.

Kijana alisimama ukingoni akiyatazama maji. Mengi ya maji ya gharika yalitoka milima ya Uhabeshi. Lakini mengine hutoka Ziwa Viktoria, ambamo humiminika mito ya Kenya kama Nzoia na Yala. Maji mengine yalikuwa yametoka nchini kwao, na yeye alikuwa ameyafuata mbali ili ajifunze jambo ambalo lilikuwa darini kwao.

SIMU YA JIONI

Hakungoja kufika chumbani. Alipiga simu pale pale kando ya mto.

"Kaka, zile karatasi za babu ziko wapi?"

"Kasha liko uani tangu asubuhi," kaka alijibu. "Za juu tumekwisha kuzichoma. Nyingine zimelowa kidogo, tukasema tungoje zikauke. Mbona wewe ndiwe uliyesema hazina kazi?"

"Nilisema nisiyoyajua. Nakuomba, kaka, usichome tena hata moja."

Kaka yake, aliye mpole, hakubishana naye. Usiku ule ule karatasi zilitandazwa juu ya mikeka ndani ya nyumba, na watoto wakakatazwa kuzigusa. Baadaye aliitwa mzee wa mtaa ajuaye kusoma hati za kale. Hakuna hazina iliyoonekana, wala utenzi uliopotea. Ilikuwamo orodha ya boriti zilizopakiwa, madeni ya mabaharia, mkataba wa ndoa ya shangazi mmoja, na barua fupi ambayo nahodha alimwandikia mkewe kutoka Mombasa, akimwambia asiwe na wasiwasi, upepo ndio umemchelewesha. Mama wa kijana alipoisikia barua hiyo ikisomwa, aliomba isomwe mara ya pili. Hakuwa ameisikia sauti ya baba yake kwa miaka mingi.

Na zile zilizochomwa asubuhi zilikuwa na maneno gani? Hakuna atakayejua.

Yafaa basi kila mwenye nyumba afikiri. Karatasi za wazee si lazima ziwe na jina la mtu mkubwa ndipo ziwe na thamani. Hati ya shamba, cheti cha ubatizo, barua ya askari aliyekwenda vitani, daftari la chama cha kijiji, vyote ni ushahidi wa maisha ya watu. Hayo yote yaweza kutunzwa bila gharama kubwa. Karatasi ziwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa na moshi wa jiko. Zisigandishwe kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, kwa maana vitu hivyo huziharibu. Zikilowa zitandazwe kivulini, si juani. Piga picha yake kwa simu, na katika karatasi nyingine andika zilikuwa za nani na zilitoka wapi, maadamu wapo wanaojua. Na asiyeweza kuzitunza nyumbani aulize ushauri katika makumbusho au katika idara ya kuhifadhi nyaraka za taifa.

Karatasi za Fustat ziliokoka, lakini ili mtu azione yampasa aende Cambridge au New York, au azitazame picha zake katika intaneti. Zile za nahodha wa Lamu zingali Lamu. Kasha lake limepigwa randa, likatiwa mafuta ya kuzuia mchwa, na likarudishwa chini ya paa jipya. Na kijana ameahidi kwamba atakaporudi likizo atajifunza kwa yule mzee kuisoma hati ya babu yake mwenyewe.